Injini imekufa: nilitengeneze gari au niliuze lilivyo?

"Gari langu lina miaka 12 na limetembea kilomita 190,000. Wiki mbili zilizopita, nikiwa safarini na watoto, mshale wa joto ulipanda hadi mwisho. Nilisimama, nikaongeza maji, nikaendelea kama kilomita 20 hivi kwa sababu giza lilikuwa linaingia. Gari likaanza kukosa nguvu, likatoa moshi mweupe, kisha likazima na halikuwaka tena. Fundi amesema injini imekufa na hedi imepinda. Anataka kufanya ovahoo kamili, yaani kuifumua injini yote na kuikarabati, au kuweka injini iliyotumika. Bei aliyonitajia ni kama theluthi mbili ya thamani ya gari likiwa zima. Mwaka jana nilikarabati giaboksi na kununua tairi nne mpya, kwa hiyo roho inaniuma kuliacha. Mke wangu anasema tuliuze lilivyo. Jirani anasema nimimine dawa ya kuziba kwenye rejeta. Nifanye nini?"

Pole sana, ndugu yangu. Naanza na lile ambalo hukuuliza lakini nalisikia ndani ya barua yako: unajilaumu kwa zile kilomita 20. Ni kweli zimeongeza hasara, na nitaeleza jinsi gani, lakini uliamua ukiwa na watoto barabarani na giza linaingia. Madereva wengi wazuri wamefanya hivyo hivyo. Tuliache hapo, tushughulike na gari.

Barua yako imebeba maswali matatu yaliyofungwa pamoja: je, injini imekufa kweli, je, theluthi mbili ya thamani ya gari ni ghali mno, na je, zile pesa za giaboksi na tairi zikufunge kwenye gari hili. Kwangu la kwanza ndilo kubwa kuliko yote, kwa sababu "injini imekufa" ni namna ya kutoa pole tu. Haikwambii kilichovunjika, kilichokivunja, wala kilichobaki kizima. Usiamue hatima ya gari kwa neno hilo peke yake.

Kuna jambo moja la haraka kabla hujaendelea kusoma. Wiki mbili zimeshapita. Kama maji yaliingia kwenye silinda, yanakaa humo yakila chuma, na silinda iliyoshika kutu huharibika zaidi kila siku inayopita huku wewe na mke wako mkishauriana. Mwombe fundi leo hii atoe plagi, amimine oili kidogo katika kila tundu, kisha aizungushe injini kwa mkono kwa spana. Ni kazi ya muda mfupi, na inakununulia nafasi ya kufikiri bila hasara kuongezeka.

Sasa tuingie ndani ya injini. Sehemu ya chini, bloki, ndiyo yenye silinda (matundu ambamo mafuta huwaka), pistoni zinazopanda na kushuka humo, na krenki, mhimili unaozungushwa na pistoni hizo. Juu yake inakaa hedi yenye valvu. Katikati kuna gasketi nyembamba yenye kazi tatu kwa wakati mmoja: kuzuia mlipuko usitoke kwenye silinda, kuzuia maji yasiingie humo, na kuzuia oili isichanganyike na maji. Hedi za magari mengi ya kisasa ni za alumini, na bloki za baadhi yake ni za chuma cha kusubu. Alumini ikipata moto hutanuka karibu mara mbili ya chuma hicho. Katika joto la kawaida la kazi, ambalo maji hukaa kati ya digrii 85 na 105 hivi, tofauti hiyo imeshapangiwa na waliosanifu injini. Joto likipita hapo, hedi inataka kutanuka lakini boliti zimeibana, basi inajikunja. Ikipoa hairudi ilivyokuwa. Uso wake unaruhusiwa kuwa na kasoro ya sehemu chache tu za mia za milimita, takriban unene wa unywele. Ikizidi hapo, gasketi haiwezi kuziba tena.

Gasketi ikishaachia, gesi ya moto kutoka kwenye silinda huingia kwenye njia za maji na kuyasukuma nje. Ndiyo maana maji uliyoongeza hayakukaa. Ule moshi mweupe ulikuwa mvuke wa maji yaliyoingia kwenye silinda. Na kuna kitu ambacho huwadanganya madereva wengi: kipimo cha joto hufanya kazi kikiwa kimezama ndani ya maji. Maji yakiisha, kinabaki hewani na mshale unaweza hata kushuka wakati injini inaungua. Kama uliuona mshale ukishuka ukadhani mambo yametulia, hukukosa akili. Chombo chenyewe kilikuwa hakina cha kupima.

Hapo ndipo zile kilomita 20 zinapoingia. Joto linapozidi, oili inakuwa nyepesi mno. Pistoni zinatanuka na kuanza kukwaruza kuta za silinda. Maji yakiingia kwenye oili, beringi za krenki, yaani vipande inamozungukia, ambazo kwa kawaida huelea juu ya utando mwembamba sana wa oili, zinakosa kinga na chuma kinasaga chuma. Swali linaloamua kila kitu katika barua yako ni hili: je, uharibifu uliishia juu, kwenye hedi na gasketi, au ulishuka chini hadi kwenye silinda na krenki? Ukiishia juu, kazi ni kusawazisha hedi, kubadilisha gasketi na boliti, na kurekebisha kilicholeta joto. Ukiwa umeshuka chini, tunazungumzia ovahoo au injini nyingine. Gharama za njia hizo mbili zimeachana mbali, na kwa barua yako bado hatujui tupo upande gani.

Kwa hiyo muulize fundi, kwa heshima: umejuaje? Umeifungua, au umesikiliza na kuangalia moshi tu? Simwiti mwongo. Huenda ameona yote. Lakini nimeshapokea gari lililovutwa hadi kwangu kwa kamba, mwenyewe ameambiwa injini imeng'ang'ania na haizunguki. Nikatoa mkanda wa nje, injini ikazunguka laini kabisa. Kilichokwama kilikuwa kompresa ya kiyoyozi. Yule mtu alikuwa ameshaanza kutafuta mnunuzi wa vyuma chakavu.

Vipimo vyenyewe si vya ajabu. Kwanza, injini izungushwe kwa spana plagi zikiwa nje, ijulikane kama inageuka mzunguko mzima. Pili, kompresheni ya kila silinda, yaani shinikizo inaloweza kubana ndani yake, ipimwe. Namba yenyewe inategemea aina ya injini, lakini silinda zinapaswa kufanana. Mbili zilizo jirani zikiwa chini kwa pamoja, gasketi imeachia katikati yao. Tatu, na hiki ndicho kipimo ninachokipenda kuliko vyote, hewa ya shinikizo ipulizwe ndani ya silinda kupitia tundu la plagi, valvu zikiwa zimefungwa, kisha usikilize inakotorokea. Ikitoka kwenye njia ya hewa au kwenye bomba la moshi, valvu hazifungi. Ikitoka kwenye kifuniko cha kujazia oili, ringi za pistoni au ukuta wa silinda umeharibika. Ikitoa mapovu kwenye rejeta, ni gasketi au ufa. Kwa dakika chache tu injini yenyewe imekuonyesha panapouma.

Halafu oili imwagwe kwenye chombo safi. Ikiwa imegeuka rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Ikiwa ina vumbi linalong'aa ukiiweka juani, beringi zimesagika, na hiyo ni habari mbaya kuliko hedi iliyopinda. Hedi ikishatolewa, ipelekwe kwa wanaokereza vyuma, ipimwe unyoofu na ijaribiwe kwa shinikizo kutafuta nyufa. Waombe pia wapime ugumu wake, kwa sababu alumini iliyoungua sana hulainika, na hedi laini hata ikisawazishwa vizuri haitashika boliti kwa muda mrefu. Kuta za silinda nazo ziangaliwe: mistari myembamba ya kukatizana iliyochongwa kiwandani ikiwa bado inaonekana na hakuna mkwaruzo unaokwama ukucha ukiupitisha, kuna matumaini makubwa kwamba sehemu ya chini ni nzima.

Lipia kazi hii ya uchunguzi hata kama baadaye utaliuza gari. Ni sehemu ndogo ya bei uliyotajiwa, na mnunuzi hulipa zaidi kwa tatizo linalojulikana kuliko kwa fumbo.

Kuhusu ushauri wa jirani: usimimine. Dawa nyingi za kuziba zimetengenezwa kwa tundu dogo la rejeta. Haziwezi kunyoosha hedi iliyopinda wala kuhimili nguvu ya mlipuko ndani ya silinda. Kinachotokea mara nyingi ni kwamba zinaganda kwenye njia nyembamba za rejeta na hita, na siku utakapotengeneza kwa haki utakuta mfumo mzima wa kupoza umeziba. Jirani amekusudia mema, ila hapa amekosea.

Tuje kwenye pesa. Giaboksi na tairi zimeshalipwa, na hakuna uamuzi wa leo utakaozirudisha. Najua inauma. Lakini ukitengeneza injini ili "zile zisipotee", unaweza kujikuta mwakani unatengeneza kitu kingine ili injini isipotee. Jiulize tofauti: giaboksi iliyokarabatiwa inanipa nini kuanzia leo? Hapo ina thamani ya kweli, kwa sababu ni kifaa kimoja kikubwa ambacho huna haja ya kukihofia kwa muda. Ihesabu hivyo tu.

Mara nyingi utasikia kwamba ukarabati ukizidi nusu ya thamani ya gari, liache. Kanuni hiyo ni rahisi kukumbuka lakini inapima vitu visivyostahili kulinganishwa. Tuifanye hesabu kwa mafungu. Tuseme gari lako likiwa zima lina thamani ya mafungu 100. Likiuzwa lilivyo, bovu, tuseme unapata 30. Matengenezo ni 65. Ukiliuza na kuziweka pamoja na pesa ulizokuwa utumie kwa fundi, mkononi una 95. Swali la kweli ni: mafungu 95 yananunua gari gani? Yananunua gari linalofanana na lako, la umri huohuo, lenye injini ambayo hujui ilichemshwa mara ngapi na giaboksi ambayo hujui itadumu hadi lini. Upande wa pili, ukitengeneza, una gari unalolijua tangu ulinunue, lenye injini iliyoshughulikiwa na giaboksi ya juzi. Ukiliangalia hivyo, theluthi mbili haitishi tena kama mwanzo.

Lakini nisikupambie. Matengenezo ya injini hayabaki kwenye bei ya kwanza. Kikifunguliwa kimoja huonekana kingine, kwa hiyo ongeza angalau fungu moja kwa kila matano. Zile 65 zinakuwa 78. Na mnunuzi wa baadaye akisikia injini iliwahi kufunguliwa, huenda asikupe 100. Sasa mizani imeelemea upande wa mke wako. Unaona jinsi tofauti ilivyo ndogo? Ndiyo sababu nakazania vipimo. Kama uharibifu uko kwenye hedi tu, na bei ikashuka hadi 30 au hata 40, mjadala umekwisha: tengeneza. Kama krenki imeharibika, hesabu zinakaribiana kiasi kwamba hali ya sehemu nyingine za gari ndiyo itakayoamua.

Basi lizunguke gari lako kana kwamba unataka kulinunua leo kwa mtu usiyemjua. Lala chini uangalie kutu kwenye chesi na pale sasipensheni inapofungwa. Kutu ya kupenya hapo ingenitosha mimi kuliacha gari hata injini ingekuwa ya bure. Umeme je, una taa zinazowaka na kuzima bila sababu? Stelingi, breki, bushi, shokomzoba? Spea zake zinapatikana bila kusubiri miezi? Gari lililokuwa halikusumbui kabla ya siku ile, lenye bodi safi, linastahili pesa. Lile ambalo kila mwezi lilikuwa na lake, injini mpya haitalibadilisha tabia.

Ikiwa chini kumeharibika na bado unataka kulibakiza, una njia mbili. Ovahoo ya haki inamaanisha bloki kupelekwa kukerezwa, silinda kutanuliwa na kuwekewa pistoni za saizi inayofuata, krenki kung'arishwa au kuchongwa na kuwekewa beringi za saizi yake, pampu ya oili na boliti za hedi kuwa mpya. Watu husema injini ikishafunguliwa hairudi kuwa kama zamani. Si kweli, ikipimwa na kufungwa sawasawa inaweza kutembea miaka mingi. Kilichoipa ovahoo jina baya ni ile ya kubadilisha ringi na gasketi tu, bila kupima chochote, kisha kuiita kamili. Kwa hiyo mwambie fundi akuandikie nini kitabadilishwa na nini kitapimwa, na nani atakereza.

Injini iliyotumika ni ya haraka na mara nyingi ni nafuu, lakini unanunua historia ya mtu mwingine. Usiichukue bila kupimwa kompresheni, bila kuangalia chini ya kifuniko cha valvu kama kuna tope jeusi la oili iliyozeeka, wala bila dhamana ya maandishi inayosema muda gani na inahusu nini. Hakikisha msimbo wake ni uleule wa gari lako. Injini zinazofanana kwa nje zinaweza kutofautiana sensa na nyaya, na hapo ndipo gari hukaa gereji wiki nyingi. Ikiwa bado iko nje, badilisha mkanda wa taimingi kama inao, pampu ya maji, thamostati na sili ya nyuma ya krenki, kwa sababu kuvifikia baadaye ni kushusha kila kitu upya. Na katika nchi nyingi namba ya injini imeandikwa kwenye kadi ya gari, hivyo ulizia mamlaka ya usajili kabla ya kuibadilisha, sio baada.

Kwa njia yoyote utakayochagua, kitu kimoja hakina mjadala: kilichofanya gari lichemshe lazima kipatikane. Maji hayakupungua yenyewe. Inaweza kuwa mpira uliopasuka, kifuniko cha rejeta kisichoshika shinikizo, feni isiyowaka, thamostati iliyoganda imefungwa, pampu yenye mapanga yaliyolika, au rejeta iliyoziba. Nimeona injini nzima zikifungwa kwenye gari lenye feni ileile mbovu, zikaungua kabla hazijamaliza mwezi. Kama fundi wako hawezi kukuonyesha kwa kidole kilichosababisha, usimruhusu afunge injini yoyote.

Ukiniuliza ningefanyaje mimi kwa gari lako: ningelipia vipimo, na hedi itolewe. Sehemu ya chini ikiwa nzima, ningetengeneza bila kusita. Chini kukiwa kumekufa na bodi ikiwa safi, ningetafuta injini iliyotumika iliyopimwa, yenye dhamana. Chini kukiwa kumekufa na bodi ina kutu, ningemsikiliza mke wako. Na ningemsikiliza pia kama pesa za matengenezo ni za kukopa au ndiyo akiba yenu ya mwisho, maana gari linaloanza upya na deni halina nafasi ya kukosea hata mara moja. Kaeni naye na karatasi ya vipimo mkononi. Sidhani kama mtabishana sana mkiwa mnasoma namba zilezile.

Mambo mengine siwezi kukuamulia kwa maandishi. Kama fundi wako anakataa vipimo au anakataa kukuonyesha sehemu zilizoharibika, tafuta mwingine asiye na faida katika matengenezo haya, umlipe kwa kuangalia tu. Kama gari bado lina mkopo, zungumza na aliyekukopesha kabla hujalitangaza, kwa kuwa huenda huna ruhusa ya kuliuza. Soma bima yako, ingawa nyingi hazilipi injini iliyoharibika bila ajali. Na ulizia kwa wakala wa mtengenezaji kama kuna hitilafu ya kiwandani iliyotangazwa kwa aina ya gari lako. Kwa miaka 12 uwezekano ni mdogo, lakini kuuliza hakugharimu kitu. Ukiamua kuliuza lilivyo, mwambie mnunuzi ukweli wote na muuandike kwenye hati ya mauzo.

Ukilitengeneza, safari za mwanzo ziwe fupi na za upole, usiikamue injini wala usiiache ingurume muda mrefu ukiwa umesimama. Kama ni ovahoo, badilisha oili na filta mapema, kilomita 1,000 zisipite. Kila asubuhi kwa wiki mbili za kwanza, injini ikiwa imepoa kabisa, fungua boneti uangalie kiwango cha maji na cha oili. Maji yakipungua hata kidogo na huoni yanakovujia, usiongeze ukaendelea. Lizime, umpigie fundi siku hiyohiyo.